Re: Damu imeganda mapafuni, apewe dawa gani?

Dada pole sana na mzee. Umeuliza kwa damu iliyoganda mapafuni, heparini (ya kuzuia damu isizidi kuganda) na ile dawa kali ya kuyeyusha damu iliyoganda ipi bora, kwanza muulize daktari presha ya mzee ikoje, manake hapo ndo mambo yote yanaanzia. Presha ikiporomoka hawangoji, wanampa ya kuyeyusha kama alteplesi, labda awe aliwahi kuvuja damu ubongoni ama kafanyiwa opresheni majuzi. Lakini presha ikiwa imesimama, hata kama moyo upande wa kulia umeanza kuchoka, kawaida huanzwa na heparini na anachungwa karibu sana. Utafiti wa PEITHO wa 2014 ulipima wagonjwa hao hao, zaidi ya 1,000, dawa ya kuyeyusha ilipunguza kuzidiwa ghafla lakini vifo havikupungua kwa maana, na kiharusi cha kuvuja damu kikawa asilimia 2 badala ya 0.2, si mchezo hiyo. Kuna pia kuivuta hiyo damu iliyoganda kwa katheta (mrija mwembamba unaopitishwa ndani ya mshipa), uliza kama hospitali mliyoko wanafanya, lakini kumkimbiza Nairobi kwa gari na pumzi hana mimi siungi mkono. Na SHA (bima ya afya ya serikali), ulizeni mapema inalipa nini.