Wasomaji Wauliza: Treni za milimani Uswisi, kwa kipimo cha mezani

SWALI: Mhariri, pole na kazi. Natafuta treni za mfano za reli nyembamba za Uswisi, hasa zile nyekundu za RhB (Rhätische Bahn). Mtandaoni naona H0, H0m, H0e, N, Nm na IIm, na bei zinapishana mno. Nianzie wapi nisije nikanunua vitu visivyokaa kwenye reli moja?
Msomaji, Area C, Dodoma

JIBU: Ndugu yetu, bei iache kwanza, soma herufi. H0 maana yake kila kitu kimepunguzwa mara 87. Herufi ndogo inayofuata inataja upana kati ya reli mbili za njia halisi: "m" ni mita moja, "e" ni reli nyembamba zaidi, milimita 650 hadi 850. RhB ni reli ya mita moja, sawa kabisa na ile reli ya zamani ya kati iliyofika Dodoma 1910. Kwa hiyo unachotafuta ni H0m, ambayo reli yake ni milimita 12. Reli ya H0 ya kawaida ni milimita 16.5, na H0e ni milimita 9. Magurudumu yako hayatakaa kwenye yoyote kati ya hizo mbili. Na si kila treni ya mlimani Uswisi ni ya mita moja. Wengernalp na Brienz Rothorn ni milimita 800, hivyo kundi lao ni H0e.

Jina kubwa kwenye H0m ni Bemo la Ujerumani. Kona zake kali zina nusu kipenyo cha milimita 330, kwa hiyo ubao wa sentimita 80 kwa 120 unatosha duara moja, ingawa mabehewa marefu hupendeza zaidi kwenye kona pana. Ukiwa na baraza au ua, tazama treni kubwa za LGB, ndizo IIm: zimepunguzwa mara 22.5, reli ya milimita 45, kona ndogo kabisa nusu kipenyo milimita 600. Kato la Japani lina RhB nzuri na ya bei nafuu, ila imewekwa juu ya reli ya N, kipimo kidogo kuliko H0, ya milimita 9, hivyo reli inaonekana pana kuliko inavyopaswa. Kwa anayeanza tunashauri H0m. Nm, yenye reli ya milimita 6.5, ni nzuri lakini vipuri vyake ni vya kuwinda.

Unapotafuta mtumba, andika Kijerumani, kwani mali nyingi iko huko: "Schmalspur" ni reli nyembamba, "gebraucht" ni iliyotumika, "OVP" ni yenye boksi lake. Ukiona "defekt" au "Bastler", ni mali ya fundi. Uliza mapema kama muuzaji anatuma Tanzania, kwani wengi hutuma ndani ya nchi yao tu, na tenga fedha za ushuru na VAT ya asilimia 18.

SWALI: Kichwa cha treni cha mtumba nilichonunua kinanguruma, kinasogea kidogo, kisha kinakwama, kila mara mahali palepale pa mzunguko wa gurudumu.
Msomaji, Mpwapwa

JIBU: Hiyo ni giya ya plastiki iliyopasuka. Giya hukazwa kwenye ekseli ya chuma. Plastiki ikizeeka hupasuka, pengo kati ya meno mawili hupanuka, na jino la giya jirani hukwama hapo. Usiongeze umeme, utaunguza mota. Gundi haidumu, kwa kuwa ekseli inaendelea kuisukuma. Agiza giya mpya kwa namba ya kichwa hicho. Ukishakifungua, futa grisi iliyoganda na weka tone dogo tu jipya. Grisi nyingi hunasa vumbi, na vumbi la kiangazi chetu mnalijua. Reli zisafishe kwa spiriti ya isopropili na kitambaa, msasa usiuguse: mikwaruzo yake hushika uchafu haraka zaidi.

SWALI: Nataka RhB ipande mlima kwa reli ya meno. Nimeikosa kila mahali.
Msomaji, Singida

JIBU: Umeikosa kwa sababu haipo. RhB hupanda kwa magurudumu matupu, hata njia ya Bernina yenye mwinuko wa asilimia 7 hadi Ospizio Bernina, mita 2,253. Meno ni ya reli jirani, Matterhorn Gotthard Bahn. Glacier Express hupita njia zote mbili, na hubadilisha kichwa kwenye kituo cha Disentis. Mezani, asilimia 7 ni sentimita 7 kila mita. Anza na asilimia 4, mabehewa matatu, na hakikisha mipira inayovikwa magurudumu ya kichwa ili yasiteleze haijakauka. Kama umeagiza transfoma ya Kato kutoka Japani, usiichomeke kwenye umeme wetu wa volti 230: ile ni ya volti 100, itaungua. Ya Ujerumani au Uswisi inahitaji adapta ya plagi tu.