Maswali ya Wasomaji: Riwaya, Theolojia na Kazi ya Uprofesa

Swali: Ndugu Mhariri, namalizia shahada ya kwanza ya fasihi. Nataka kuwa profesa anayechunguza riwaya na theolojia ya Kikristo. Nihamie theolojia kwanza? Na je, lazima niwe muumini?

Jibu: Baki kwenye fasihi. Kazi hutangazwa na idara, na idara ya fasihi itakuuliza kwanza kama unaweza kufundisha riwaya na nadharia za uhakiki. Northrop Frye alikuwa mchungaji aliyewekewa mikono, lakini alifundisha fasihi ya Kiingereza Toronto, na uhakiki ndio uliomjengea jina.

Hata hivyo, theolojia usiiokote njiani. Soma darasani historia ya mafundisho ya Kanisa, Agano la Kale na Agano Jipya, na uongeze walau mwaka mmoja wa Kigiriki cha Agano Jipya. Katika uzamivu, omba msimamizi mkuu wa fasihi na wa pili wa theolojia. Ukikosa huyo wa pili, makosa yako ya mafundisho yatagunduliwa siku ya kutetea tasnifu, na hapo ni vigumu kuyarekebisha.

Imani si sharti. Hoja yako itapimwa kwa ushahidi wa matini, uwe unasali au husali.

Swali: Tasnifu yangu inahusu *Ndugu Karamazov*, riwaya ya Mrusi Dostoevsky, hasa kisa cha kardinali mzee anayemfunga Kristo gerezani. Msimamizi ameirudisha sura mara mbili, anasema ni mahubiri. Nimekosea wapi?

Jibu: Tunashuku umeyachukua maneno ya kardinali ukayajibu kwa aya za Biblia. Kosa hili ni la kawaida sana, na chanzo chake ni kumsahau msimulizi. Kisa hicho kimetungwa na Ivan, mmoja wa ndugu wa Karamazov, anamsimulia mdogo wake Alyosha, nao wote wawili wamo ndani ya masimulizi ya mtu mwingine asiyetajwa jina. Anayeandika "Dostoevsky anasema" ameziruka ngazi zote hizo.

Anza na umbo. Kardinali anasema karibu peke yake. Anarejelea majaribu matatu ya jangwani, anamlaumu Kristo kwa kuwapa watu uhuru wasioweza kuubeba, na mfungwa hajibu neno. Mwishoni mfungwa anambusu mzee midomoni. Kisha Alyosha naye anambusu Ivan. Hapo ndipo theolojia ilipo: hoja inajibiwa kwa tendo, na tendo hilo linahama kutoka kisani hadi kwa wasikilizaji wake. Jiulize busu linasema nini ambacho hotuba isingeweza kukisema, ndipo ulete mafundisho ya neema na uhuru. Usiishie hapo. Kitabu cha 6 ndani ya riwaya hiyo, chenye maisha na mafundisho ya mtawa Zosima, Dostoevsky mwenyewe alikikusudia kiwe jibu kwa Ivan, na kinajibu kwa maisha ya mtu. Ukikiacha, hoja yako itabaki nusu.

Jambo moja zaidi. Usimwite kila mhusika anayeteseka "mfano wa Kristo". Taja fundisho mahususi, kama umwilisho (Mungu kuwa mwanadamu), toba au upatanisho, na uonyeshe sentensi inayolibeba. Neno "kiroho" likijitokeza zaidi ya mara moja katika ukurasa, huenda hoja imepungua.

Swali: Nichapishe lini?

Jibu: Kabla ya kumaliza uzamivu, kama sura moja imekomaa. Usiitume ilivyo: ondoa mapitio marefu ya tafiti zilizotangulia, bakiza hoja moja, na uishushe hadi maneno kama 7,000, ukifuata ukomo wa jarida husika. *Literature and Theology*, lililoanza 1987, ni mahali pa kufikiria. Soma kwanza matoleo yake ya karibuni, na usitume makala moja kwa majarida mawili kwa wakati mmoja. Maoni ya wataalamu wanaoipima makala kwa niaba ya jarida yakija na masahihisho mengi, yajibu moja baada ya jingine katika barua ya kuambatanisha, ukitaja ukurasa ulioubadilisha.