Muulize Fundi wa Magitaa: Gitaa Lenye Vibonyezo vya Akodiani

SWALI: Shikamoo fundi. Baba yangu mkubwa alifariki mwaka jana akaacha gitaa la umeme, tumelikuta darini kwenye nyumba ya jikoni. Mbele limefunikwa plastiki nyekundu ya kumetameta, mgongoni plastiki nyeupe kama lulu. Lina pikapu nne (vile vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi) na safu ya vibonyezo sita. Kichwani hakuna jina, yamebaki matundu mawili ya skrubu. Shingo inapoanzia, nyuzi zinapita juu ya freti (kijiti cha chuma cha kukingamia shingo) moja ya ziada kabla hazijaifikia freti ya kwanza yenyewe. Nimefungua ndani nikasoma namba 1377141 kwenye volyumu moja (kifaa cha kupandisha na kushusha sauti). Mgongoni mtu ameandika kwa rangi "No. 3". Boksi lake lina lebo ya duka iliyochanika, imebaki "Moshi, Tanganyika". Kijana mmoja mjini anasema ni Fender ya mwaka 1971, na yuko tayari kunipa gitaa jipya tubadilishane. Nyumbani wanasema baba mkubwa alilipiga kwenye bendi ya Arusha Jazz. Ni gitaa gani, la mwaka gani, na je, nilipake rangi upya?
Msomaji wa Kibosho, Moshi

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana kwa msiba. Usibadilishane na mtu na usipake rangi. Na leo hii lishushe darini. Sababu utaiona mbele.

Fender, ile kampuni ya magitaa ya Marekani, si kweli. Magitaa ya Fender ya miaka hiyo ni mbao iliyopigwa rangi. Lako limevishwa. Ligeuze ulitazame ubavuni, pale wekundu unapokutana na weupe: utaona ukingo wa plastiki iliyogundishwa, na huenda kwenye kona imeanza kuinuka. Kisha sugua sehemu ndogo kwa kidole gumba, kwa nguvu mpaka ipate joto, halafu nusa haraka. Ukipata harufu ya kafuri, hiyo ni seluloidi, plastiki ya zamani inayotengenezwa kwa kafuri. Ndiyo iliyofunika akodiani nyingi, na hapo ndipo habari ya gitaa lako inapoanzia.

Miaka ya mwisho ya hamsini vijana wa Ulaya waliiacha akodiani wakakimbilia gitaa la umeme. Viwanda vya akodiani vilikuwa na mafundi, gundi, shehena za plastiki ya kumetameta na ujuzi wa kutengeneza vibonyezo. Vikageukia gitaa na vitu hivyo hivyo. Kwenye akodiani vibonyezo vya sauti huchagua ulimi upi (kibati chembamba cha ndani kinachotoa sauti) ulie. Kwenye gitaa lako vinachagua pikapu ipi ifanye kazi. Kwa hiyo vile vibonyezo ambavyo kijana wako huenda anavidharau ndivyo ushahidi mkubwa kuliko hata jina lililopotea. Jina hubanduka na kubandikwa. Hakuna mtu wa huku ambaye angehangaika kuchonga mwili wa gitaa upokee swichi sita za namna ile.

Watengenezaji wa kufikiria ni wachache. Italia, katika mkoa wa Marche, kuna Castelfidardo, mji wa akodiani hasa, na jirani yake Recanati, ambako Oliviero Pigini alianzisha EKO mwaka 1959. Huko Sweden, mjini Älvdalen, kuna Hagström, nao walikuwa watu wa akodiani, na walianza kutoa magitaa ya umeme ya kumetameta mwaka 1958. Njia nyepesi ya kuwatenganisha ni ubao wa vidole, yaani uso wa shingo unapobonyezea nyuzi. Pitisha kucha katikati ya freti mbili. Ukihisi vinyweleo vya mbao, twende Italia. Ukihisi utelezi kama kioo, ni plastiki, na Hagström ndio waliokuwa na mtindo huo. Ile freti ya ziada wataalamu huiita freti sifuri. Watengenezaji wengi wa Ulaya waliipenda, Fender hawakuwa nayo. Kwa pikapu nne na vibonyezo sita, mimi naegemea EKO.

Sasa mwaka. Namba 1377141 ni ya kweli, ila inasema habari za volyumu tu. Viwanda vya Marekani vilikuwa na utaratibu wa kugonga namba kwenye vifaa hivyo: 137 ni kampuni ya CTS, 71 ni mwaka 1971, na 41 ni wiki ya arobaini na moja, yaani Oktoba. Kijana wako ameisoma sawasawa akaibandika mahali pasipo pake. Chukua tochi utazame lehemu. Kwenye volyumu nyingine nadhani utaikuta imefifia na kuwa ya kijivu, na kwenye hiyo moja ina mng'ao au imemwagika ovyo. Hiyo ni volyumu ya kubadilishiwa, pengine ilitolewa kwenye amplifaya mbovu. Maana yake gitaa lilifanyiwa matengenezo baada ya Oktoba 1971, na mtu hatengenezi gitaa ambalo halipigwi. Usiitoe. Ni sehemu ya maisha ya gitaa.

Lebo ya boksi ina uzito zaidi. Tanganyika iliungana na Zanzibar Aprili 26, 1964, na jina Tanzania likaanza kutumika Oktoba mwaka huo huo. Duka linaweza kumalizia lebo za zamani kwa muda, lakini si kwa miaka kumi. Ukijumlisha na mtindo wenyewe, ningesema lilitengenezwa kati ya 1961 na 1965. Ila hakikisha kwanza boksi na gitaa ni vya pamoja: lilaze ndani uone kama kitambaa kimelika pale kichwa na mwili vinapogusa.

Hiyo "No. 3" si modeli. Zamani wanamuziki wetu wengi hawakuwa na vyombo vyao. Vilikuwa vya mwenye bendi, chama au shirika, na vilipigwa namba kama viti vya ofisini. Waulize wazee alikopigia baba mkubwa, maana panapotajwa No. 3, No. 1 na No. 2 zilikuwapo.

Kuhusu Arusha Jazz, nakuomba uende taratibu. Ndugu wa Kinyonga, Wilson na George, walitoka Jamhuri Jazz ya Tanga wakaanzisha Arusha Jazz mwaka 1970, na 1971 walishahamia Kenya, ambako walitamba kama Simba Wanyika. Ni kipindi kifupi mno. Huenda baba mkubwa alikuwamo, na ningefurahi sana ikithibitika, lakini tafuta picha. Vibonyezo vile vinaonekana hata kwenye picha chakavu.

Mwisho, dari. Seluloidi hushika moto upesi kuliko mbao, nawe umeiweka juu ya mafiga. Iweke chumbani, mbali na jiko na mbali na jua la dirishani, boksi likiwa wazi ipate hewa. Masizi yafute kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo, kisha kikavu. Thina usiiguse kabisa, itayeyusha plastiki mbele ya macho yako. Na fundi yeyote atakayelehemu ndani, atoe kwanza vifaa nje ya mwili wa gitaa. Nitumie picha tatu kupitia ofisi ya gazeti: kichwa chenye matundu, bati linaloshika shingo kwa nyuma, na ubao wa vidole kwa karibu. Kwenye lile bati mara nyingi huwa na namba.

SWALI: Fundi, nimenunua gitaa Ngarenaro limeandikwa "Steel Reinforced Neck". Ni kampuni ya wapi?
Mdau, Arusha

JIBU: Hiyo si kampuni. Ni maelezo kwamba shingo imewekewa chuma ndani isipinde, na yaliandikwa sana kwenye magitaa ya Japani ya miaka ya sitini. Viwanda vya kule viliwauzia waagizaji wa Marekani na Ulaya, na kila mwagizaji akabandika jina lake, ndiyo maana gitaa moja linakuja na majina mengi. Linganisha umbo la kichwa na vifuniko vya pikapu na picha za magitaa ya Teisco na Guyatone, kampuni za Japani. Teisco ilinunuliwa na kampuni nyingine ya Japani, Kawai, mwaka 1967, kwa hiyo usishangae ukikuta kifaa cha mmoja kwenye gitaa la mwingine. Kabla ya kufunga nyuzi mpya, tazama shingo kwa ubavu. Ikiwa imepinda, funga nyuzi nyembamba, kwa kuwa chuma kile mara nyingi hakina nati ya kurekebishia.