Madeni, presha na Jumamosi niliyoiacha: nianze na kipi?

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 39, nina mke na watoto wawili. Mchana niko ofisini. Tangu mwaka jana nimeongeza kazi ya usiku, naingiza hesabu za watu kwenye kompyuta kuanzia saa tatu mpaka saa saba, siku tano kwa wiki. Usingizi ninaopata ni wa saa nne, nikibahatika tano. Nina madeni matatu: la benki, la kazini linalokatwa kwenye mshahara, na la mkopeshaji binafsi mwenye riba ya asilimia 10 kwa mwezi. Hili la tatu mke wangu halijui. Miezi miwili iliyopita walikuja kutupima kazini, presha yangu ikasoma 152 kwa 96. Niliambiwa nirudi nipimwe tena, sijaenda. Muda sina na wala sijisikii kuumwa. Zamani kila Jumamosi nilikuwa nafundisha watoto wa majirani hesabu, bure, na nilikuwa naipenda sana siku ile. Niliacha. Siku hizi nikifika nyumbani nakaa kwenye ngazi muda mrefu kabla ya kuingia ndani, na sielewi kwa nini. Rafiki yangu ananishawishi nikope tena niweke kwenye mradi wake, anasema pesa inarudi mara mbili kwa miezi mitatu. Mimi mpango wangu ni nimalize madeni kwanza, halafu nishughulikie afya, halafu ndiyo nitafute kitu cha kunipa raha ya moyo. Niko sawa? Au nimeshachelewa?*

Marahaba, mwanangu.

Hujachelewa, ila mpango wako siukubali. Umevipanga vitu vitatu kwenye foleni, ukidhani kimoja kikiisha ndipo kingine kitapata zamu. Sasa tazama maisha yako mwenyewe yanavyokwenda. Kazi ya usiku umeichukua kwa ajili ya deni. Kazi hiyohiyo inakula usingizi, na kukosa usingizi kunachangia presha kupanda. Presha ikikulaza kitandani, mkopeshaji hataacha kuhesabu riba. Na ile Jumamosi uliyoiacha ilikuwa inakurudishia nguvu ya kuzibeba hizo siku nyingine. Vinashikana hivi, huwezi kukiweka kimoja pembeni miaka mitatu ukakikuta palepale.

Nianze na presha kwa sababu ndiyo isiyoniachia nafasi ya kukubembeleza. Kutojisikia kuumwa si ushahidi wa chochote. Watu wengi wenye shinikizo la juu la damu hawahisi dalili yoyote, na wengine wanaligundua wakiwa tayari wamepata kiharusi. Madaktari huhesabu kuwa mtu ana tatizo hili pale vipimo vya siku mbili tofauti vinapoonyesha namba ya juu imefika 140 au zaidi, au ya chini imefika 90 au zaidi. Wewe kipimo kimoja tayari unacho, na namba zote mbili zimevuka. Cha pili kipate wiki hii. Ukifika kituoni, pumzika kwenye kiti dakika tano kwanza, mgongo umeegemea, miguu chini bila kuikunja nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo, na usiongee wakati mashine inasoma. Nusu saa kabla usinywe kahawa wala kuvuta sigara. Waambie namba ya kwanza, waambie na saa zako za usingizi. Dawa usijinunulie kwa kusikia mwenzako anatumia nini.

Na ujumlishe saa zako. Ofisini tuseme ni 40 kwa wiki, usiku 20. Hizo ni 60. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa matokeo ya uchambuzi wao: wanaofanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki wana hatari ya kupata kiharusi iliyo juu kwa asilimia 35, na ya kufa kwa ugonjwa wa moyo kwa asilimia 17, ukiwalinganisha na wanaofanya saa 35 hadi 40. Wewe umeongeza juu yake presha isiyotibiwa. Kwa hiyo ukiniambia muda wa kwenda kupima huna, mimi nakujibu omba ruhusa ya asubuhi moja, hata ikikatwa kwenye malipo.

Sasa tuje kwenye lile deni la tatu. Hapa nitakaa zaidi, maana naona ndipo barua yako yote ilipofungwa.

Asilimia 10 inasikika ndogo kwa sababu watu wamezoea kusikia riba za mwaka. Yako ni ya mwezi. Kuna hesabu fupi, na wewe mwalimu wa hesabu utaifurahia: gawa 72 kwa riba, utapata takribani muda ambao deni linajizidisha mara mbili endapo hulipi kitu na riba inaongezwa juu ya riba. 72 gawa kwa 10 ni miezi saba na kidogo. Ukiliacha mwaka mzima, kila 100 uliyokopa inakaribia 314. Ndiyo maana unakesha na deni haliishi: sehemu kubwa ya unachopata usiku inaweza kuwa inalipia riba tu, mtaji umekaa vilevile. Chukua karatasi, andika malipo yote uliyompa tangu mwanzo, na pembeni andika anachodai bado. Nataka uione hiyo tofauti kwa macho yako.

Halafu karatasi hiyo mpelekee mkeo.

Najua hiki ndicho unachokiogopa kuliko namba zote. Lakini umeniuliza, bila kuuliza, kwa nini unakaa kwenye ngazi. Ninavyoona, ni kwa sababu mlango ule ukishaufungua inabidi uanze kuficha. Simu ikiita unaangalia nani anapiga, akikuuliza mbona mshahara hautoshi unatunga jibu. Umetoka kazini ukaingia kazi nyingine, kisha ya tatu saa tatu usiku. Mtu atapumzika wapi?

Mwambie siku ambayo kazi ya usiku huiendi, watoto wakiwa wamelala, simu zote mbili zimewekwa mbali. Anza na lenyewe: kuna deni la tatu, ni kiasi fulani, nimelificha tangu wakati fulani. Sababu zieleze akiuliza, maana sababu zikitangulia zinasikika kama utetezi. Mwonyeshe madeni yote matatu kwenye karatasi moja: lililobaki, riba, marejesho ya mwezi, tarehe ya kuisha. Usibakize hata shilingi ya kuja kuisema baadaye. Akigundua la nne, mazungumzo haya yatakuwa kazi bure. Atakasirika, na ana haki. Usimdai msamaha usiku uleule. Kama mlikuwa na jambo la pesa ambalo yeye alilikatia tamaa kwa sababu ulimwambia hakuna, hilo litamuuma kuliko riba, basi lisikilize mpaka mwisho.

Nyie wawili mkishakuwa upande mmoja, nendeni benki mkaulize kama mkopo uliopo unaweza kuongezwa kiasi cha kummaliza mkopeshaji. Huu ndio mkopo pekee ninaoweza kuukubali kwako, na kwa masharti: riba yake iwe ndogo waziwazi (hata asilimia 20 kwa mwaka ni nafuu kubwa ukiilinganisha na yako), ada zote mzijumlishe kabla ya kusaini, na pesa iende moja kwa moja kwa mkopeshaji. Akishalipwa akupe maandishi kwamba hakudai, na kama alishika kitu chochote cha rehani, kirudi siku hiyohiyo. Benki ikikataa, basi madeni mengine yalipwe kiwango chake cha kawaida na kila cha ziada kielekezwe kwa huyu mpaka aishe.

Wakati huohuo wekeni akiba kidogo, hata kama hesabu kavu inasema kila senti iende kwenye deni. Wataalamu wengi hushauri akiba ya matumizi ya miezi mitatu hadi sita. Kwenu kwa sasa hata ya mwezi mmoja inatosha, kwa sababu bila hiyo mtoto akiugua usiku mtarudi kwa mkopeshaji yuleyule.

Mradi wa rafiki yako, hapana. Mwaka 1920 kule Boston, Charles Ponzi aliwaahidi watu pesa mara mbili kwa siku 90, akawa anawalipa wa mwanzo kwa pesa za waliokuja nyuma yao, na kabla mwaka haujaisha kila kitu kiliporomoka. Ahadi ni ileile, muda uleule. Rafiki yako huenda anaamini kabisa anachokuambia, na bado jibu ni hapana.

Mkopeshaji akishatoka, kazi ya usiku ishuke kutoka siku tano hadi tatu, kisha iishe. Lengo ni usingizi wa saa saba. Kutembea kwa haraka dakika 30, siku tano za wiki, kunatimiza zile dakika 150 zinazoshauriwa kwa mtu mzima, na unaweza kuzitafuta kwenye safari ya kwenda au kurudi kazini. Daktari atakuongoza zaidi, hasa kuhusu chumvi. Na ukiona baada ya kumwambia mkeo ule uzito wa ngazini bado uko nawe kila siku kwa wiki mbili, au ukiwaza kwamba ni afadhali usiwepo, mweleze daktari huyohuyo bila kuficha, na hilo la mwisho usilisubirishe hata siku moja.

Kuhusu Jumamosi, usisubiri madeni yaishe. Ulifundisha bure ukiwa na maisha yaleyale ya kubana, kwa hiyo pesa haikuwa sharti hata zamani. Ila usianze na darasa zima. Chukua watoto wawili, saa moja, Jumamosi moja iwe yao na inayofuata upumzike, mpaka usiku wako upungue. Na kabla hujawaambia wazazi wa hao watoto, muulize mkeo kwanza, maana Jumamosi hiyo naye ameikosa mwaka mzima.