Mtoto anapenda gemu? Mpe na daftari la miraba

Nilipiga chafya mbele ya kompyuta nikiwa na miaka kama tisa. Ilikuwa ile ya zamani, yenye kioo kilichobinuka na mgongo mkubwa kama nundu. Matone yakatua kwenye skrini, na ndani ya kila tone, pale palipokuwa peupe tupu, nikaona nukta nyekundu, za kijani na za buluu zimepangana kama shanga. Nikafuta kwa kiganja, weupe ukarudi. Nikalowesha kidole na kudondosha tone jingine, safari hii kwa makusudi. Nukta hizo tena! Mama alinikuta nimeshalowesha nusu ya kioo, akanifukuza kwa kuwa aliona naharibu mashine, na mimi sikuwa na maneno ya kumweleza kwamba nyeupe si nyeupe.

Miaka kadhaa baadaye, katika kitabu cha picha, nikakutana na mchoro wa Mfaransa Georges Seurat, ule wa watu waliopumzika kando ya mto Jumapili alasiri. Aliufanyia kazi kuanzia 1884 hadi 1886, turubai la upana wa takriban mita tatu, akilijaza vitone vidogo vidogo vya rangi. Maelezo yalisema Seurat aliliachia jicho la mtazamaji kazi ya kuzichanganya rangi zile. Nikacheka peke yangu. Somo hilo nilishalipata kwa chafya.

Leo riziki yangu inatokana na kuchora wahusika na mandhari za gemu, kwa hiyo wazazi hunivuta pembeni na kuniuliza lilelile: mtoto acheze saa ngapi kwa siku? Namba sina, na anayekupa namba bila kumwona mtoto mwenyewe anakisia tu. Mimi humgeuzia mzazi swali. Akishazima, anafanya nini na alichokiona? Kama anachora, anaigiza, anakata maboksi kutengeneza ngome, anakubishia kwamba adui wa mwisho alionewa, basi gemu inampa kitu. Kama akizima anabaki ameduwaa akisubiri kuwasha tena, hapo tuzungumze.

Nitaeleza kilichonilea mimi, maana ushauri wangu wote unatoka hapo.

Kompyuta ilikuwa moja na sisi watoto tulikuwa wanne, kila mmoja na zamu yake. Gemu zilikuwa mbili tatu, na tulishazimaliza. Ndipo nikaangukia kwenye Paint, ile programu ya kuchorea iliyokuja na Windows. Chini kulikuwa na rangi 28, safu mbili za kumi na nne. Ukikosea uliruhusiwa kutengua mara tatu tu. Kosa la nne ulikuwa nalo milele. Hivyo kabla ya kuvuta mstari nilijifunza kuupitisha kwanza hewani kwa kidole, mbele ya kioo, kama mtu anayelenga jiwe. Kaka yangu alikuwa akinicheka. Programu ninazotumia siku hizi hutengua hatua mamia, na ninaona wazi mkono wangu ulivyozembea: navuta, natengua, navuta, natengua, natafuta mstari mzuri kwa kubahatisha. Ndiyo maana kila asubuhi nachora kwa kalamu ya wino kwanza, kurasa mbili, bila kufuta.

Halafu kulikuwa na diski za flopi. Kizazi cha sasa kinaiona flopi kama alama tu ya kuhifadhi kazi, lakini sisi tuliibeba mfukoni, na uwezo wake ulikuwa megabaiti 1.44, yaani kama kilobaiti 1,440. Mchoro wangu wa pikseli 640 kwa 480, yaani vile vijimraba vinavyounda picha kwenye kioo, ukihifadhiwa kwa rangi zote, ulikula karibu kilobaiti 900. Maana yake flopi nzima kwa picha moja. Nilikasirika, nikaanza kubonyeza kila kitu kwenye kisanduku cha kuhifadhi, nikagundua kwamba nikichagua rangi 256 badala ya zote, picha inashuka hadi karibu kilobaiti 300, na zinaingia nne. Nikichagua rangi 16, zinaingia tisa. Hakuna aliyenifundisha kwamba kila pikseli ya rangi kamili inachukua baiti tatu, ile ya rangi 256 baiti moja, na ya rangi 16 nusu baiti. Nilitafuta kwa kugawanya kwenye karatasi hadi hesabu ikakubali. Darasani hesabu zilinishinda vibaya, nadhani kwa sababu hakuna aliyewahi kunieleza tunagawanya nini.

Lakini faida kubwa haikuwa hesabu. Nikitaka picha tisa, ilibidi nijibane ndani ya rangi 16 tu. Anga na maji vigawane buluu moja? Kivuli cha uso kikopwe kutoka kwenye mti? Hapo ndipo nilipoanza kuitazama rangi, badala ya kuipaka tu kwa kuwa ipo.

Baadaye nilipoanza kusoma habari za waliotengeneza gemu, nikakuta nao walibanwa vivyo hivyo, tena zaidi. Mjapani Shigeru Miyamoto alipombuni mhusika Mario kwa ajili ya gemu ya Donkey Kong ya 1981, vijimraba vilikuwa vichache mno kuchora mdomo, akaweka sharubu chini ya pua kubwa. Nywele za kupepea wakati wa kuruka zilikuwa balaa, akamvika kofia. Mikono ilipotelea mwilini akikimbia, akamvalisha ovaroli ya rangi tofauti na shati, mkono ukaonekana unavyopunga. Sura inayojulikana dunia nzima ilizaliwa kwa kukwepa matatizo matatu. Na ile Super Mario Bros. ya 1985 ukiiangalia vizuri, wingu na kichaka ni mchoro uleule. Juu umepakwa nyeupe, chini kijani. Mdogo wangu nilipomwonyesha alisema naota, mpaka nilipoweka karatasi laini juu ya kioo nikafuatisha mzingo wa kimoja na kuusogeza juu ya kingine. Gemu nzima ilikaa kwenye katriji, kile kiboksi cha plastiki unachochomeka kwenye mashine, ya kilobaiti 40. Picha yangu moja ya mlima na jua, ambayo hata haikuwa nzuri, ilikuwa kubwa zaidi ya mara ishirini.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Space Invaders ya 1978. Kadiri unavyowaangusha wavamizi, ndivyo waliobaki wanavyozidi kukimbia, na moyo wako nao unakimbia. Mwanzoni halikuwa wazo la mtu. Mashine ilikuwa inaelemewa na kazi ya kuwachora wote, na kila walipopungua ikapata nafuu, ikaenda kasi. Tomohiro Nishikado, aliyeitengeneza, akaona imenoga, akaiacha.

Kwa hiyo kama una mtoto anayetaka kuanza kuchora kwa kompyuta, usikimbilie kumnunulia programu kubwa na kalamu ya kielektroniki. Mpe kitu kinachobana. Akikizidi kimo ataomba kingine mwenyewe, tena atakueleza kwa nini anakitaka.

Upande wa kompyuta yenyewe, nilianza kwa uhalifu mdogo. Kulikuwa na gemu ya magari, na siku moja nikizurura ndani ya folda yake nikaona faili la maandishi. Nikalifungua kwa Notepad, programu ya kuandikia ya Windows. Mistari mingi ya maneno na namba, na mmoja ukiwa na neno linalofanana na uzito. Nikapunguza namba, nikahifadhi, nikawasha gemu. Gari likagonga kituta kidogo cha barabara na kuruka juu, juu kabisa, likapotea angani, na halikurudi. Sijawahi kufurahi vile kwa kushinda mbio zozote. Kumbe hii dunia imeandikwa na mtu, na nilichoandikiwa naweza kukiandika upya!

Wiki zilizofuata nilibadilisha kila kilichobadilika, hadi nikajiona bingwa, na bingwa akahitaji nafasi ya kuweka gemu mpya. Nikaingia kwenye folda ya mfumo, nikafuta mafaili yenye majina nisiyoyajua, kwa hoja kwamba kama mimi siyajui hayana kazi. Kompyuta haikuwaka tena. Mjomba alikuja na diski zake, akakesha nayo siku mbili, na alipoirudisha hai insha ya dada yangu, ya kurasa kumi na moja, haikuwemo. Dada hakunipiga. Aliketi akaanza kuiandika upya kimya kimya, na ukimya ule ulinichoma kuliko kofi. Mjomba naye hakunikataza kufungua mafaili. Alisema tu, "Kabla hujagusa, nakili. Ukishanakili, bomoa utakavyo." Ningekuwa na mjomba mkali zaidi, pengine leo ningekuwa na kazi nyingine.

Mwambie mtoto hivyo hivyo. Mwonyeshe jinsi ya kunakili folda nzima mahali pengine kabla ya kuchezea chochote, na kama mna kompyuta moja nyumbani, mtengenezee akaunti yake isiyofikia kazi za wengine. Kisha mwache abomoe. Siku hizi zipo njia salama zaidi kuliko zangu: Scratch, iliyotolewa na chuo cha MIT mwaka 2007, ni ya bure, na humwezesha mtoto kuvuta vipande vya amri na kuvipachika pamoja mpaka mhusika wake atembee. Humo pia unaweza kufungua kazi ya mtoto mwingine, ukaona ilivyounganishwa na kuigeuza yako. Ni lile faili langu la magari, ila halimpotezei mtu insha.

Sasa upande usiopendeza. Nikiwa na miaka kumi na tano niliingia kwenye gemu moja ya mtandaoni isiyo na mwisho. Kila siku kuna zawadi ukifika, na usipofika unapoteza ulichokusanya. Daftari langu la michoro la wakati ule lina tarehe kwenye kila ukurasa, kwa hiyo naweza kupima hasara: miezi saba bila mstari hata mmoja. Gemu zile za mwanzo zilikuwa na mwisho. Ulimaliza, ukakaa, ukachoka, na kwenye kuchoka ndiko kulikotoka michoro. Hii haikuniacha nichoke. Ilihakikisha kila usiku kuna kidogo kimebaki. Ndiyo maana nikimchagulia mtoto gemu, naangalia kwanza kama inaisha, au kama inamruhusu kujenga ramani na ngazi zake mwenyewe. Ile inayomwadhibu kwa kutoingia leo, naikataa, hata iwe nzuri kiasi gani kwa macho. Sina majadiliano hapo.

Ila mzazi usifanye kosa la kufungia mashine nzima kwa sababu ya gemu moja. Unakuwa umefungia na michoro, na muziki, na faili lile ambalo lingemrusha angani.

Mwalimu mmoja wa sanaa aliwahi kunirudishia kazi bila alama, eti imetoka kwenye printa na sanaa ni ya mkono. Nilimchukia kwa miaka. Alikosea kuhusu printa, lakini siku nilipotakiwa kuchora mkono ulioshika kikombe, penseli na karatasi, mashine imezimwa, nikatoa kitu kinachofanana na tangawizi. Kwenye kompyuta nilikuwa nimezoea kuficha mikono ya wahusika wangu wote mifukoni. Basi nikaanza kuchora mkono wangu wa kushoto kila jioni. Baada ya miezi minne hivi ukaanza kuwa na mifupa ndani.

Ndiyo maana nasisitiza karatasi. Tena karatasi inayoendana na gemu kuliko zote ni daftari la hesabu la miraba. Susan Kare, aliyechora aikoni, vile vipicha vidogo vya kubonyeza, za kompyuta ya Macintosh iliyotoka 1984, alianzia hapo: vijimraba 32 kwa 32, kimoja kimoja kikijazwa au kikiachwa. Mpe mtoto miraba 16 kwa 16 na penseli za rangi nne, umwambie atengeneze mtu anayetambulika ukiwa umesimama mlangoni. Usimsahihishe. Simama mlangoni kweli, useme unachokiona. Ukiona chura, sema chura.

Mpwa wangu yuko kwenye hatua hiyo sasa, ana miaka kumi. Amebuni mpiga mbizi mwenye mwili wa buluu kuanzia shingoni hadi miguuni, na amemchora katika hatua tatu za kutembea. Juzi aliniletea daftari akiwa amenuna.

"Mjomba, anatembea lakini mikono haionekani."

"Ninaona," nikamjibu.

"Imeenda wapi?"

"Wewe ndiye uliyemchora."

Akaondoka nalo. Habari za Mario sikumgusia, na ilinibidi niume ulimi. Jana jioni daftari lilikuwa mezani, limefunguliwa. Mpiga mbizi amevaa glavu za njano zinazofika hadi kwenye viwiko.