Mihazeli Kisauni? Bora mkanju

Dada, hiyo mihazeli (miti ya njugu za hazelnut) unayotaka kuletewa na shemeji kutoka Uingereza upande hapa Kisauni, Mombasa, mwambie aiache huko huko. Ni kichaka cha nchi za baridi: kisipopata wiki nyingi za baridi ya chini ya nyuzi 7 hivi, machipukizi hayafunguki sawasawa, na sisi hapa hata Julai usiku ni kama nyuzi 20. Tena mmoja pekee hauzai, sharti ziwe aina mbili zichavushane kwa upepo. Na miche ya nje yataka kibali cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea. Taabu yote hiyo ya nini?

Na ukifikiria njugu za makadamia, hizo ni za bara, Murang'a na Embu huko.

Kwa mchanga wa Kisauni panda mkanju, yaani mkorosho. Chukua mche uliobebeshwa (uliounganishwa na kikonyo cha mti mwingine), huanza kuzaa mwaka wa tatu hivi. Acha mita 10 kati ya mti na mti, na pasiwe pahali maji husimama. Maua yakishika unga mweupe, huo ni ukungu: nyunyiza salfa mapema. Korosho mbichi usibangue kwa mkono mtupu, mafuta ya ganda huchoma ngozi vibaya.

Ukitaka kivuli tu, mti wa mkungu watosha, ila utagonga kungu, tunda lake, kwa jiwe mpaka uchoke upate kiini chembamba kama njiti.