Udalali wa majina makubwa

SWALI: Shikamoo shangazi. Mimi ni msichana wa miaka 25, napokea wageni katika hoteli moja hapa Malindi. Kwa kazi hii nimejuana na wachekeshaji wawili na mwimbaji mmoja, na kila wakija Pwani hunipigia: "Huna kampuni inayotaka mtu?" Mwezi jana nilimkutanisha mmoja wao na mwenye duka la simu. Yeye akalipwa, mimi nikapewa asante na pakiti ya halua. Sasa akina mama wanaopanda mikoko kule Mida wameniomba niwatafutie mtu mwenye wafuasi wengi. Je, hii ni kazi ya kuachia mshahara?
Mpokea Wageni, Malindi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kazi ni kazi, ila halua si malipo. (Ingekuwa ya Lamu ningekuelewa kidogo.) Mshahara usiuache bado. Mwaka wangu wa kwanza katika udalali huu wa nyota nilifunga mikataba mitatu tu, na mmoja ulivunjika kabla wino haujakauka.

Acha nikusimulie uliovunjika. Nilimleta mwimbaji kwa kampeni ya kuwatunza punda. Punda wa Lamu si pambo, ndiye lori letu, na The Donkey Sanctuary wako hapa wakiwatibu tangu 1987. Wafuasi wa huyo bwana walizidi watu wa kaunti yetu nzima, ambao sensa ya 2019 iliwahesabu 143,920. Nikaona nimepata. Kushuka tu mashua, akamwona punda gatini, shogi, ule mfuko wa mizigo mgongoni, limejaa mchanga pande zote mbili, naye akampanda juu ya mzigo ule ule ili apigwe picha. Mwenye punda alipiga ukelele hadi wazee wakasimama barazani. Picha ikapanda mtandaoni, na pembeni ya shogi kidonda kinaonekana, chekundu. Hata alasiri haijaadhiniwa, kampuni iliyolipa ikanipigia: kampeni ifutwe. Kosa lilikuwa langu. Nilihesabu wafuasi, sikumuuliza kama amewahi hata kumshika punda.

Tangu siku hiyo simpeleki mtu mbele ya kamera kabla sijampeleka bila kamera. Wale watatu wako, wachukue Mida maji yakitoka, tope likiwafika magotini. Atakayeuliza mche huu unakaa miaka mingapi, huyo mshike. Atakayeuliza mtandao unashika wapi, mtafutie duka la simu jingine.

Kisha soma maoni chini ya picha zake, usiku kucha ikibidi. Ukikuta vijimoto na makopa matupu, pita. Ukikuta "bei gani?", "mko upande gani?", "mnafika Mambrui?", hapo pana watu.

Tena usidhani kila jambo jema linahitaji nyota wa kukodi. Jahazi la Flipflopi liliundwa huku kwetu kwa taka za plastiki zipatazo tani 10, likavishwa ndara 30,000, na 2019 likasafiri hadi Zanzibar. Kilichovuta macho ni chombo chenyewe, na fundi Ali Skanda aliyeongoza kazi ya kukiunda. Kwa hiyo huko Mida mchekeshaji wako abebe ndoo ya miche, mama wa kikundi ndiye aseme.

Fedha sasa. Asilimia yako iandikwe kabla hujatoa namba ya simu ya mtu yeyote. Mimi huchukua 15 katika kila 100 ya malipo ya nyota, na kwa kikundi cha akina mama sichukui hata nauli. Mkataba useme picha ngapi, zitatumiwa kwa muda gani, na nani analipa boti, maana boti ndiyo huleta ugomvi. Mwambie nyota wako pia kwamba tangu Sheria ya Fedha ya 2023, anayemlipa hukata kodi ya asilimia 5, asije akadhani wewe ndiye umemmega.

SWALI: Binamu yangu anajulikana sana TikTok. Kampuni ya kamari inataka aitangaze, nayo iwanunulie vijana wetu jezi. Nimfungie mkataba?
Kocha, Lamu

JIBU: La. Tangu 2025 miongozo ya wasimamizi wa kamari Kenya inawakataza watu mashuhuri na wenye ushawishi mitandaoni kutangaza kamari. Na hata isingekataza, hao vijana utakaowavisha jezi ndio hao hao watakaocheza. Nenda kwa yule anayeuza saruji na misumari mtaani kwenu. Jezi kumi na tano haziwezi kumfilisi, na jina lake likipita mgongoni mwa vijana kila Ijumaa jioni, anayejenga atalisoma.